Ramani Iliyoachwa Wazi

"Ametuibia," alisema mwenye ndege, hata kabla Inspekta hajaketi. "Andika hivyo hivyo, afande. Ametuibia mchana kweupe, na abiria ndani."

Inspekta aliweka mkoba wake mezani, akavuta kiti, akaitazama ofisi ile kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Ilikuwa chumba kimoja kando ya uwanja mdogo wa ndege: meza mbili, kabati la chuma, mizani ya kupimia mizigo, vifuniko vya masikio vimetundikwa kwenye misumari, na dirisha pana lililotazama njia ya kurukia. Nje palikuwa na nafasi mbili za kuegesha. Moja ilikuwa na ndege. Ya pili ilikuwa na doa la mafuta tu.

"Tuanze mwanzo, mzee," alisema. "Ameondoka nani, na nani, wanakwenda wapi?"

Mwenye ndege alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooka kwa pasi lakini macho mekundu kama aliyekesha msibani. Alieleza huku akizungukazunguka. Rubani wake, ambaye watu wote walimwita Mwewe, aliondoka jana mchana na ndege ya injini moja kwenda mji wa milimani, ng'ambo ya safu ya milima. Abiria alikuwa mmoja, mkunga wa hospitali kubwa ambaye alikuwa anakwenda kuwafundisha wenzake wa huko. Ni safari fupi, mtu hamalizi hata kusinzia. Hawakufika.

"Mwewe," Inspekta alirudia.

"Si unalisikia jina lenyewe? Mwewe ana kazi gani duniani zaidi ya kunyakua?"

"Alipewa na nani hilo jina?"

Mwenye ndege alijikuna shingo. "Na mimi. Lakini ulikuwa utani."

"Haya. Umejuaje kwamba ameiba, na hajaanguka?"

Hapo mzee alisimama. Ni swali alilokuwa amelisubiri. "Kila ndege yangu ina kitoa ishara, afande. Ndege ikijibamiza chini, kile kidude kinapiga kelele chenyewe, setilaiti inasikia, kituo cha uokoaji kinapata mahali. Waulize. Wamekaa macho tangu jana. Kimya! Kwa hiyo haikuanguka. Na kama haikuanguka, wala haikufika, iko wapi? Njoo uone mwenyewe."

Alimwongoza hadi kwenye kompyuta ya meza ya pili. Kioo kilikuwa kimejaa ramani, moja ya zile za mtandaoni ambazo marubani hupangia safari: nchi kwa chini, hali ya hewa kwa juu, rangi zikipishana na mistari ya upepo ikitiririka polepole kama maji ya mfereji. Katikati ya kioo ulipita mpaka wa nchi jirani. Ng'ambo ya mpaka, juu ya uwanja wa ndege wa huko, palikuwa pamechomekwa alama nyekundu.

"Hapo ndipo alipokaa kupanga safari yake jana," alisema mzee. "Akaondoka akaiacha wazi. Mtu anakwenda milimani, anatazama hali ya hewa ya nchi ya watu kwa nini?"

"Nani ameigusa tangu hapo?"

"Hakuna. Nimeilinda kama mboni ya jicho."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Inspekta aliipiga picha ramani ile kwa simu, kioo kizima kutoka pembe hadi pembe. Kisha akamwita rubani wa helikopta ya polisi, dada mmoja mfupi mwenye sauti ya juu, aliyekuwa akisubiri mlangoni na kofia yake kwapani. Alikuwa ameagizwa kumpeleka Inspekta mpakani. Huko ndiko kituo cha uokoaji kilikopeleka ndege zake zote tangu asubuhi, baada ya mwenye ndege kuwapigia na kuwaelezea habari ya ramani. Milimani hakukubaki hata mtu mmoja wa kutafuta.

"Hii ramani unaijua?" Inspekta alimuuliza.

"Nani haijui, afande? Asubuhi nafungua hii kabla ya kupiga mswaki." Rubani wa helikopta aliinama kuitazama, kidole kikifuata mistari. "Hapa unachagua unachotaka kuona, upepo, mawingu au mvua. Mstari huu wa chini ni wa saa, ukiuburuta mbele unaona yatakayokuja, ukiuburuta nyuma unaona yaliyopita. Na huku pembeni..."

Alitazama pembeni mwa kioo, akamtazama mwenye ndege, akaiweka sawa kofia yake kwapani.

"Huku pembeni kuna mambo mengi tu," alimalizia.

Inspekta alimshukuru mzee, akamwomba asiondoke uwanjani, akatoka. Walitembea hadi karibu na helikopta.

"Ulimeza kitu mle ndani," alisema Inspekta. "Kiteme."

"Ni mwinuko, afande. Ile namba ya pembeni kulia. Unaiambia ramani unataka kuona upepo wa juu kiasi gani. Pale imewekwa futi elfu thelathini na nne."

"Maana yake?"

"Huko wanapita yale madege makubwa yanayovuka bahari. Ndege ya Mwewe ukiipandisha hata nusu ya hapo inaanza kukohoa, na wewe uliyemo ndani unaanza kuona nyota. Rubani wa ndege kama ile akifungua ramani, cha kwanza anashusha mwinuko. Ni kama dereva kuvuta kiti mbele. Hata hafikirii, mkono unakwenda wenyewe."

"Na asiposhusha?"

"Ramani inafunguka hivyo hivyo ilivyo. Elfu thelathini na nne."

Inspekta alitoa simu, akaikuza picha. Namba ilikuwepo, ndogo, pembeni, pale rubani aliposema. "Kwa hiyo aliyeifungua hii ramani si Mwewe."

"Si rubani wa ndege ndogo yeyote, afande. Labda mtu aliyetaka tu kuonyesha mpaka."

"Mzee anarusha ndege?"

Rubani wa helikopta aliangua kicheko, akajizuia kwa kiganja. "Yule? Anaogopa hata kupanda ngazi. Ndege zake anazipenda zikiwa chini."

Basi mambo yalikuwa hivi, na Inspekta aliyapanga huku akitembea kutoka upande mmoja wa helikopta hadi mwingine. Mzee amesema hakuna aliyegusa kompyuta. Kompyuta imeguswa, na mtu asiyejua kurusha. Kwa hiyo mzee amedanganya, na amedanganya ili watu watazame mpakani. Mtu hadanganyi kwamba ameibiwa ndege ila kama kuna jambo linalomtisha kuliko wizi. Na kwa mwenye kampuni ya ndege, jambo hilo ni moja tu.

"Wameanguka," alisema. "Au wametua mahali pabaya. Na yeye anajua, au anahisi."

"Sasa mbona kitoa ishara hakikulia?"

"Hilo tutamuuliza baadaye. Kwanza watu."

Alimpigia mkuu wa kituo cha uokoaji na kumwomba arudishe ndege zake milimani. Mkuu alikuwa muungwana, lakini alikuwa na ndege chache na safu ya milima yenye mabonde yasiyohesabika. "Nipe mahali, Inspekta," alisema. "Hata pa kukisia. Siwezi kuwapeleka watu kuparamia mawingu."

"Nitakupa."

"Kutoka wapi?"

Inspekta alikata simu. "Kama hakupangia safari ofisini," alimwambia rubani wa helikopta, "alipangia wapi?"

*

Nyumba ya Mwewe ilikuwa katika mtaa wa nyumba za bati zilizokaribiana, kila moja na uzio wake wa michongoma. Aliyewafungulia mlango alikuwa mama mmoja mrefu, miwani imesogea hadi ncha ya pua, ushungi umefungwa kwa haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumtafuta mkwe wangu, au kumfunga? Maana redioni tumeshaambiwa ni mwizi."

"Kumtafuta, mama."

Mama alimpima kutoka utosini hadi viatuni. "Basi karibuni ndani."

Sebuleni mke wa Mwewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, simu juu ya goti, mkono umeshika tama. Aliinua macho kwa tumaini, akaona sare, akayashusha. Inspekta aliketi naye kochi lile lile, wala si mbele yake.

"Dada, sina habari mbaya. Sina habari yoyote. Nataka kujua jambo dogo. Mumeo jana alitazamia wapi ramani ya hali ya hewa?"

"Hapo mezani, akinywa chai. Kwenye simu yake. Ile kompyuta ya ofisini haiwezi, anasema unabonyeza leo inafunguka kesho."

"Na simu anayo mwenyewe."

"Anayo. Nimepiga mpaka vidole vimekufa ganzi. Haipatikani."

Rubani wa helikopta alishusha pumzi. Ramani aliyoitazama Mwewe ilikuwa mfukoni mwa Mwewe, na Mwewe hajulikani alipo. Inspekta alikuwa tayari anainuka mama mkwe alipokohoa.

"Yangu je? Hamuitaki?"

Wote walimgeukia. Mama alikuwa ameshika tableti kubwa, ameivisha jalada la kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe.

"Mimi sikutaka mwanangu aolewe na mtu wa angani," alisema, akiketi kwa starehe ya mtu aliyesimulia jambo hili mara nyingi. "Siku ya posa nilimwambia wazi mbele za watu: baba, wewe kazi yako ni kuning'inia. Kamba ikikatika, mwanangu atabaki na nini? Akaniambia, mama, kila nitakapoondoka nitakuonyesha ninapopita na hali ya hewa ilivyo, ili usiwe na wasiwasi. Nikajua ni maneno ya posa tu, mwanamume akitaka mke anaahidi hata mwezi. Lo! Miaka yote hii hajaacha hata siku moja. Ananitumia linki, naifungua, nainama, namwombea. Akifika ananipigia."

"Na jana alituma?"

"Alituma mbili. Daima anatuma mbili. Moja ya njia ya kwendea, moja ya njia ya kukimbilia, ikiwa mbele pamekataa."

Rubani wa helikopta alikuwa ameshapiga magoti kando ya kiti cha mama. "Mama, naomba, tafadhali. Fungua."

Linki ya kwanza ilifunguka. Alama ilikuwa juu ya pengo la milima la kaskazini, pale ambapo safari iliyoandikishwa uwanjani ilipaswa kupita. Mwinuko pembeni: futi elfu tisa na mia tano. Rubani wa helikopta alimtazama Inspekta. "Huyu sasa ndiye Mwewe," alinong'ona.

Linki ya pili ilifunguka juu ya pengo jingine, mbali kusini. Lakini kote kulikuwa kweupe. Hakuna wingu, hakuna mvua, upepo umelala.

"Mbona anga ni safi?" aliuliza mke, aliyekuwa amesimama nyuma yao bila wao kujua. "Kama palikuwa safi hivi, kwa nini hakufika?"

"Hii ni ya sasa hivi," alisema Inspekta. "Linki inaleta pale pale, lakini hali ya hewa ya leo. Irudishe jana."

Rubani wa helikopta aliweka kidole kwenye mstari wa saa, akauburuta nyuma. Jua la asubuhi likafutika, usiku ukapita, wakaifikia jana mchana. Aliachia pale Mwewe aliporuka. Milima yote ilikuwa bado wazi, na madoa machache tu ya kijani ya manyunyu.

"Aliondoka vizuri," alisema. "Hata mimi ningeondoka. Sasa tumfuate."

Akasogeza mbele kidogo kidogo, huku kidole cha mkono mwingine kikitembea juu ya kioo mahali ambapo ndege ingekuwa imefika. Kwenye pengo la kaskazini doa la kijani likawa la njano. Likavimba. Likawa jekundu, kisha zambarau katikati.

"Wingu la radi," alisema. "Limezaliwa mbele ya macho yake. Hapa hapiti mtu."

"Anageuka," alisema Inspekta.

"Anageuka kusini, kwenye njia yake ya kukimbilia. Pengo bado liko wazi, tazama. Anaingia."

Kidole kilipita katikati ya pengo, kikashuka kwenye bonde lililo nyuma yake. Mstari wa saa ukasogea tena. Ng'ambo ya bonde, kutoka mashariki, ukuta mwingine mwekundu ukatokea, mrefu, unakuja kwa kasi. Rubani wa helikopta alisita. Akasogeza tena. Nyuma ya ndege, pengo aliloingilia likajifunga.

"Mbele pamefungwa," alisema Inspekta taratibu, "na nyuma pamefungwa. Yuko ndani ya bonde kama mtu aliyefungiwa chumbani. Ungekuwa wewe?"

"Nashuka. Natafuta pa kutua wakati bado naiona ardhi. Sipandi, sisubiri."

"Wapi?"

Alibonyeza, rangi zote zikaondoka, ikabaki picha ya ardhi kama inavyoonekana kutoka juu. Bonde lilikuwa kijani kizito, msitu kwa msitu. Isipokuwa upande wa chini, ambapo palikuwa na viraka vya mashamba ya chai yaliyoachwa, na katikati yake mstari mmoja mwembamba, mweupe, ulionyooka kama rula.

"Barabara ya shamba," alisema. Akarudisha upepo, akashusha mwinuko hadi karibu na ardhi. Mistari ilitiririka sambamba na barabara ile ile. "Na upepo unamjia usoni, kama anavyoutaka. Afande, kama yuko hai, yuko pale."

"Angetua salama angepiga simu," mke alisema.

"Dada yangu, hilo bonde nimelipita mara nyingi. Simu inakufa kabisa. Hata ukipanda mti."

Inspekta alikuwa tayari anaongea na mkuu wa kituo cha uokoaji. "Nimepata mahali," alimwambia, akamsomea namba za alama.

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena. "Nendeni basi," alisema. "Mnanitazama nini?"

*

Waliiona shuka nyeupe kabla ya kuiona ndege. Mtu alikuwa ameitandaza juu ya vichaka vya chai vilivyoota mwituni, ameikandamiza kwa mawe. Kisha ndege yenyewe ikaonekana, pua imezama kwenye kichaka mwisho wa barabara, bawa moja limekunjika kama jani lililokanyagwa. Na kando ya ndege, mwanamke aliyesimama wima anapunga mikono yote miwili.

Rubani wa helikopta alilia wazi wazi huku akitua, na kutua kwake kukawa kwa ulaini wa ajabu.

Mkunga aliwaendea akiwa peku, gauni limejaa matope hadi magotini. "Asanteni," alisema. "Asanteni sana. Mimi sina kitu, nina michubuko tu. Yeye ana mguu. Nimemfunga gango kwa ubao wa kiti, lakini msimwinue ovyo, mumsikilize kwanza mgonjwa mwenyewe anasemaje."

Mwewe alikuwa amelazwa chini ya bawa lililo zima, juu ya matakia yaliyong'olewa ndani ya ndege. Alikuwa kijana bado, ndevu za siku mbili, midomo imepasuka. Alipomwona Inspekta alijaribu kukaa, maumivu yakamrudisha.

"Mmejuaje tuko huku?"

"Mkweo ametuonyesha."

Mwewe aliufunika uso kwa kiganja. Mabega yalimtikisika, na kwa muda haikujulikana kama analia au anacheka. "Na mimi huwa nafikiri hazifungui," alisema hatimaye.

Inspekta alimpa maji, akasubiri anywe. Kisha akauliza alichokuja nacho moyoni. "Kitoa ishara. Hakikulia. Unajua kwa nini?"

"Tuligusa chini taratibu, tukaserereka kwenye matope. Pengine hakikushtuka. Nikabonyeza swichi ya mkono. Taa haikuwaka. Nikasema labda imeungua taa tu, ishara inakwenda. Nikamtia mkunga moyo kwa hilo mpaka asubuhi." Alitabasamu kidogo. "Kumbe haikwenda popote. Lakini mmekuja."

Inspekta alikwenda nyuma ya ndege, akafungua kifuniko kidogo cha mkiani, akamwita mkunga awe shahidi. Ndani palikuwa na kishikio cha chuma, waya uliofungwa ncha kwa utepe mweusi, na nafasi tupu ya mraba isiyo na vumbi. Utepe haukuwa wa ajali. Ulifungwa na mtu mwenye nafasi na mwanga wa kutosha. Alipiga picha, akarudisha kifuniko.

Walipokuwa wanambeba kuelekea helikopta, Mwewe alimshika Inspekta mkono.

"Afande, ukifika kabla yangu, mwambie mzee wangu asante. Najua hakulala. Wako wenye kampuni wangetuacha huku wakangoja mvua iishe. Yeye ametuletea hadi helikopta. Mwambie bawa nimemvunjia, anisamehe, lakini injini ni nzima."

"Nitamwambia," alisema Inspekta. "Neno kwa neno."

*

Uwanjani habari ilikuwa imeshatangulia. Mkuu wa kituo cha uokoaji alikuwa amekuja mwenyewe, na gari la wagonjwa liliegeshwa milango wazi. Mke wa Mwewe hakungoja panga za helikopta zisimame, watu wawili walimzuia. Alipoachiwa alikimbia, akapiga magoti kando ya machela, akaweka shavu lake kwenye shavu la mumewe.

Mama mkwe alifika nyuma yake kwa mwendo wake wa kawaida. Mwewe alimwona, na akiwa na mguu umefungwa ubao na homa mwilini, akaanza kuhangaika kufunga vifungo vya shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu lala. Nani amekuambia ukae?" Akainama, akamfunga kifungo cha juu yeye mwenyewe, kisha akabaki ameshika ukosi wa lile shati, asiuachie, mpaka wauguzi walipoanza kusukuma machela naye akasukumwa pamoja nayo.

Baadaye alirudi, akaichukua mikono ya Inspekta yote miwili.

"Mimi ndiye wa kushukuru, mama," alisema Inspekta. "Wewe hukuacha kufungua linki zake."

"Asante, mwanangu," mama alisema. "Sina jingine. Asante tu."

Mkunga naye alikuwa anaaga. Alimwomba rubani wa helikopta ampeleke milimani mchana ule ule, maana kuna wakunga wanamsubiri. Alikubaliwa kabla hajamaliza ombi.

Inspekta aliwaacha, akaingia ofisini.

Mwenye ndege alikuwa amekaa nyuma ya meza yake. Ameona kila kitu kupitia dirisha. Mbele yake kompyuta ilikuwa imezimwa.

"Tunamshukuru Mungu," alisema haraka. "Nilikosea kumdhania vibaya. Lakini mtu yeyote angeona ile ramani..."

"Mwinuko wa ile ramani uliuweka wewe?"

"Mwinuko gani?"

"Ndiyo maana nauliza."

Mzee alilamba midomo. Alisema huenda kompyuta ilijibadilisha yenyewe. Alisema huenda mfagiaji aliigusa. Inspekta aliweka simu mezani, picha ya kishikio kitupu cha mkiani ikiwa wazi. Mzee aliitazama, akasema hilo aulizwe fundi, yeye si mtu wa spana. Kila swali lilipata jibu, na kila jibu lilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Hivyo wangeweza kushinda hapo hadi jioni.

"Nina ujumbe wako," alisema Inspekta.

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa Mwewe. Amesema nikwambie asante. Amesema anajua hukulala. Amesema wako wenye kampuni wangewaacha bondeni, lakini wewe umewaletea helikopta. Bawa amekuvunjia, umsamehe, lakini injini ni nzima."

Mzee hakusogea. Aliendelea kumtazama Inspekta kama anayengoja sehemu iliyobaki, ile yenye matusi. Haikuja.

"Amesema hivyo?"

"Neno kwa neno."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Sauti iliyotoka chini yake ilikuwa ya mtu mwingine, mzee zaidi. "Betri ya kile kitoa ishara ilikufa. Nilikifungua mwenyewe, nikakipeleka kikatengenezwe, kikachelewa. Yeye nilimwambia kipo. Jana waliponipigia kwamba hawajafika nikajua nimekwisha, leseni itakwenda, kila kitu kitakwenda. Nikafungua ile ramani nikatafuta mpaka wa nchi jirani. Nilijua wako milimani, afande. Nilijua, na nikawatuma watu wote upande mwingine."

Nje gari la wagonjwa liliwashwa. Mzee aliinua uso uliolowa, akaligeukia dirisha.

"Umeshamwambia?"

"Bado," alisema Inspekta, akisimama na kumwonyesha mlango. "Leo ana watu wengi wa kuwashukuru. Sikutaka kumpunguzia hata mmoja."